Kore 256 kwa mvua ya Bahi

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata takribani milimita 570. Nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi yenye upana wa kilomita chache: Bahi wanalowa, Chamwino wanatimuliwa vumbi. Mvua hiyo ikikasirika, huharibu. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliisomba Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mhandisi wa programu anayeingia kwenye kompyuta za kisayansi ukanda huu ana deni moja: kuliona wingu hilo dogo, na kutoa jibu kabla halijafika.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo makao makuu yake yako Dodoma, hutumia WRF, programu ya utabiri wa hali ya hewa iliyoandikwa kwa Fortran na kuzaliwa Marekani. WRF huikata anga vipande vipande na kupiga hesabu ya kila kipande. Chukua mraba wa kilomita 720 kwa 720, Dodoma katikati. Ukikata kwa kilomita 9 unapata safu 6,400 za hewa. Ni nyepesi, ila ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Bahi na Manyoni, pale reli inapopanda kutoka kwenye mbuga za kinamasi, unalainishwa ukawa mteremko tu, na upepo unakosa ukuta wa kuupandisha.

Shuka hadi kilomita 3. Safu zinakuwa 57,600, mara 9. Hatua ya muda nayo lazima ifupishwe, kutoka sekunde 54 hadi 18, la sivyo hesabu inavurugika na programu inakufa njiani. Jumla, kazi mara 27.

Hapo wengi hukimbilia kuomba mashine zaidi. Mashine si lazima ziwe mpya: kompyuta kuu ya Ranger ya Texas, iliyoanza kazi 2008 ikiwa na kore (viini vya prosesa) 62,976, ilizimwa 2013 na baadhi ya makabati yake yakaletwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Kila nodi, yaani kompyuta moja ndani yake, ilikuwa na kore 16, hivyo nodi 16 zinatoa kore 256. Je, zinatosha?

Inategemea unazipa nini. Gawa gridi ya kilomita 9 kwa kore 256: kila moja inabaki na safu 25, tano kwa tano. Lakini kabla ya kupiga hatua, kore lazima ijue hali ya majirani. Tuseme safu tatu kila upande. Hizo ni safu 96 za kuazima ili kuhesabu 25! Mtandao unatoka jasho, kore zinasubiri. Kwa kilomita 3, kore hizo hizo zinapata safu 225 kila moja na kuazima 216. Bado ni ghali, ila sasa kazi inafanyika.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mhandisi wa fani hii anapotengana na mwandishi wa mifumo ya kawaida, ambaye ndiye Dodoma inamwajiri zaidi. Thamani yake iko katika kupunguza safari za data. Kuandika msimbo mwingi si hoja.

Dalili zote za ucheleweshaji zimo kwenye faili la rsl.error.0000, ambamo WRF huandika muda uliotumika kwa kila hatua. Ikiwa hesabu ya mionzi ya jua imepangwa kila dakika 3, hatua moja kati ya kumi itachelewa; iache, ni kawaida. Hatua inayogota kila saa ni ile ya kuandika matokeo: kore moja inakusanya kila kitu na kuandika, nyingine 255 zimekunja mikono. WRF inaruhusu kutenga kore chache kwa uandishi peke yake, kwa mistari miwili kwenye faili la mipangilio. Anza na hilo kabla ya kuomba bajeti ya seva.