Hershey, mji uliofuata maziwa

Ukiingia Hershey, jimboni Pennsylvania nchini Marekani, taa za barabarani ndizo zitakazokuvuta macho kwanza. Zina umbo la Kisses, zile chokoleti ndogo zilizochongoka juu: moja imevikwa karatasi yake ya fedha, inayofuata iko wazi. Barabara kuu ni Chocolate Avenue, inakatana na Cocoa Avenue, na mitaa ya makazi inaitwa Caracas, Java, Trinidad, Ceylon. Mgeni akisoma vibao hivyo ataamini kwamba mji huu ulijengwa juu ya kakao. Mimi nasema ulijengwa juu ya maziwa, na ukilishika hilo utauelewa karibu kila uamuzi wa Milton Hershey, mwanzilishi wake.

Hershey alianza na karameli, biashara iliyomfundisha thamani ya maziwa mabichi. Mwaka 1893, kwenye maonyesho ya Chicago, aliona mashine za Kijerumani za kutengeneza chokoleti, akazinunua. Mwaka 1900 akauza kampuni yake ya karameli kwa dola milioni 1, akabaki na chokoleti peke yake.

Angeweza kujenga kiwanda mjini Philadelphia, karibu na bandari na wafanyakazi. Badala yake, mwaka 1903, alianza kujenga katikati ya mashamba ya Derry, alikozaliwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kakao iliyokaushwa huvumilia safari ya wiki kadhaa melini, na sukari haina haraka. Maziwa ya jioni yakilala bila baridi, asubuhi ni mtindi. Basi kiwanda kikafuata ng'ombe, na kakao ikaletwa kwa reli iliyokuwa tayari inapita hapo. Kiwanda kilikamilika mwaka 1905. Kwa kuwa mahali penyewe palikuwa shamba, ilimbidi pia ajenge nyumba, benki, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1906, na njia za tramu. Tramu hizo zilibeba wafanyakazi, na zilibeba pia maziwa kutoka mashambani.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ndani ya sufuria. Chokoleti na maji havipatani: matone machache tu yakiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, inashikana na kuwa tope la chengachenga. Na maziwa, sehemu yake kubwa, karibu asilimia 87, ni maji. Lazima maji hayo yatoke, lakini ukichochea moto maziwa yanaungua na ladha inaharibika. Waswisi walikwisha kupata njia yao tangu miaka ya 1870, ila hawakuwa na sababu ya kumgawia mshindani. Hershey na watu wake walihangaika kwa majaribio mengi hadi wakafanikiwa kuchemsha maziwa na sukari kwa moto mdogo, ndani ya sufuria iliyofungwa na kunyonywa hewa. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua kanuni hii: kule juu, hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka kabla hayajawa ya moto sana, na maharage hayaivi. Kinachomuudhi mpishi wa mlimani ndicho kilichomwokoa Hershey. Maji yaliondoka na maziwa hayakuungua, yakabaki mazito na laini, tayari kuchanganywa na kakao. Chokoleti yake ina uchachu kidogo ambao Wazungu wengi wa Ulaya hawaupendi, na wataalamu wengi wanauhusisha na mafuta ya maziwa yanayovunjika wakati wa matayarisho. Wamarekani wameuzoea tangu utotoni, na kwao hiyo ndiyo ladha ya chokoleti.

Maziwa yaliingia hata kwenye malezi. Milton na mkewe Catherine hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1909 walianzisha shule ya wavulana yatima, na mwaka 1918, Catherine akiwa amekwisha kufariki, Hershey aliikabidhi amana ya shule hiyo hisa zake zote za kampuni. Wanafunzi waliishi kwenye nyumba za mashambani na kukamua ng'ombe asubuhi na jioni, desturi iliyoendelea hadi mwaka 1989. Kwangu mimi, amana hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko chokoleti yenyewe. Mwaka 2002 wadhamini walipotaka kuiuza kampuni, wakazi na wahitimu wa shule walisimama kidete, mwanasheria mkuu wa jimbo akaenda mahakamani, na mpango ukafutwa.

Lakini mji wa mwajiri mmoja una ubaya wake, na haufai kufichwa. Aprili 1937 wafanyakazi waligoma wakiwa ndani ya kiwanda. Maziwa ya wafugaji yakakosa mnunuzi. Siku chache baadaye, wafugaji na wafanyakazi waliokuwa upande wa kampuni walivamia kiwanda kwa marungu na kuwatoa wagomaji kwa kipigo. Watu waliokuwa wakitegemeana kila alfajiri waliumizana kwa sababu wote walikuwa na mlango mmoja tu wa riziki.

Kiwanda kile cha kwanza kilisimamisha uzalishaji mwaka 2012, kazi ikahamia kiwanda kipya zaidi upande wa magharibi wa mji. Ziara za ndani ya kiwanda zilikoma zamani, mwaka 1973, wageni walipozidi uwezo wake. Siku hizi unapandishwa kwenye kigari katika jengo la Chocolate World, na miongoni mwa watakaokupokea ni ng'ombe wa bandia wanaoimba sifa za maziwa. Wasikilize hao kwa makini. Kisha toka nje ya mji kidogo, ukawatazame ng'ombe wa kweli malishoni.