Dakika Tano za Mwisho

Betri ikishabadilishwa na gari likawaka, mafundi wengi huhesabu kazi imekwisha. Boneti inafungwa, spana namba kumi inarudi mfukoni, pesa inapokelewa. Mwenye gari anaondoka. Akifika kwenye foleni ya Ubungo, pale simu huweza kuchomolewa dirishani kufumba na kufumbua, anagusa swichi ili kioo kipande chenyewe. Hakipandi. Mpaka aendelee kuivuta swichi, na akiachia, kioo kinasimama papo hapo. Kitaa cha swichi kinapepesa. Atazoea. Siku akiliuza gari, mnunuzi ataambiwa, "Ndivyo lilivyo."

Yupo fundi rewaya mmoja pale Gerezani, Dar es Salaam, ambaye hakubali neno hilo. Ni mtu wa makamo, hana maneno mengi, na vijana wanaojifunza kwake humwita Mzee ingawa nywele zake bado nyeusi. Nilimwona akimfungia mteja betri kwenye Crown. Injini ilipowaka mteja akawa ameshatoa noti.

"Mzee, si limewaka?"

"Limewaka, bado kupona. Nipe dakika tano."

Akaacha injini ikiunguruma, umeme usije ukapungua. Akakaa kiti cha dereva, akafunga mlango, akashusha kioo hadi katikati. Kisha akaivuta swichi hadi mwisho wake na kuishikilia. Kioo kikapanda, kikagota juu, na kidole chake hakikuondoka. Wenye haraka hukosea papo hapo: wakiona kioo kimefika, wanaachia. Yeye alingoja sekunde mbili zaidi, macho kwenye kitaa, hadi kikaacha kupepesa. Akahamia mlango wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja kwa swichi yake, maana kwenye gari la namna hiyo swichi za upande wa dereva haziwezi kuvifundisha vioo vya milango mingine.

Hata hapo hakuwa amemaliza. Alichukua gazeti kuukuu, akalikunja likawa nene kama mkono wa mtoto, akaliweka juu ya ukingo wa kioo kilichoshushwa nusu, akagusa swichi mara moja. Kioo kikapanda, kikaligusa gazeti, kikasita, kikarudi chini. Akafanya hivyo kwa milango yote. Mkono wake mwenyewe hakuuweka hata mara moja, na kijana mmoja aliyetaka kujaribu kwa vidole alikemewa kwa jicho tu.

Gazeti lile ndilo lililobeba maana ya kazi nzima. Kioo cha mguso mmoja hupanda bila mtu kukishikilia, kwa hiyo lazima kijue kilipofika. Mota inapozunguka, kompyuta ndogo ya mlango huhesabu mizunguko na kukumbuka mwisho wa safari ni wapi. Kikikutana na kizuizi kabla ya hapo, hukichukulia kuwa ni mkono au shingo, kikarudi. Kanuni namba 21 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za ndani za magari, imeweka kikomo: kabla ya kurudi, kioo kisibane kwa nguvu inayozidi nyutoni 100, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo kumi. Betri ikitolewa, kumbukumbu hiyo huweza kufutika. Kioo kisichojua fremu iko wapi hakiwezi kuitofautisha na kidole cha mtoto, kwa hiyo kinakataa kupanda chenyewe. Tunachokiita ubovu ni tahadhari.

Vioo vya umeme si vipya; Packard ya Marekani ilikuwa navyo katika magari yake ya mwaka 1941. Kwetu vilitapakaa baadaye sana, vikiletwa na magari yaliyokwisha kutumika Japani. Kabla ya hapo tulizungusha mpini, na mpini haukusahau kitu. Magari ya sasa yalikuja na kitabu cha maelekezo ndani ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani, na wengi wetu tumekitupa ili tupate pa kuweka miwani. Basi elimu hii imebaki vidoleni mwa watu wachache.

Wasioijua wana njia yao. Kioo kikipanda kisha kikarudi chenyewe, watakwambia mota imekufa, na mota ya mtumba itapatikana saa hiyo hiyo. Mzee kwanza hupitisha kitambaa kwenye raba ya mlango, akatoa vumbi lililogandamana, akapuliza silikoni, ndipo akakifundisha kioo upya. Mara nyingi mota ile ile inaendelea kufanya kazi. Kwa kazi hiyo hulipwa kidogo kuliko aliyeuza mota, na wakati mwingine halipwi kabisa, kwa sababu mteja haoni kilichobadilishwa.

Hapo ndipo ninapohuzunika, wala lawama si ya mafundi peke yao. Tunamlipa fundi kwa injini kuwaka, tunamlipa kwa kifaa kilichotoka kwenye boksi, lakini dakika tano za kuhakikisha gari limerudi kama lilivyokuwa tunaziita kupotezewa muda. Mwanagenzi huona. Hujifunza kile kinacholipwa, na kisicholipwa hukiacha. Vijana watatu wa pale Gerezani wote wanajua kufunga betri. Mmoja tu ndiye niliyemwona akiokota gazeti bila kuambiwa, na juzi nimesikia ameacha ufundi, anauza mota.