Nchi kwa Jicho la Mwewe

Vitabu vikubwa vya picha za nchi zilizopigwa kutoka angani vina wapenzi wengi, nami ni mmoja wao. Nilifundisha jiografia miaka mingi kabla ya kukabidhiwa shule, na katika miaka hiyo picha ya angani kwangu ilikuwa kifaa cha kazi kama chaki: karatasi ya kijivu, imepigwa wima, na mwanafunzi ameinamia kutafuta mto, reli na mistari ya shamba la mkonge. Ramani zetu za 1:50,000 zilichorwa kutokana na picha za namna hiyo, baada ya Waingereza kuunda idara yao ya kupima makoloni mwaka 1946. Hakuna aliyeziita nzuri. Zilitazamwa ili zifanye kazi.

Kitabu cha Mfaransa Yann Arthus-Bertrand, La Terre vue du ciel, kilichotoka mwaka 1999, ni jambo jingine kabisa. Kimeuzwa kwa mamilioni ya nakala, na mwaka 2000 picha zake zilitundikwa kwenye uzio wa bustani ya Luxembourg mjini Paris, mpita njia akizitazama bila kulipa hata senti. Asili ya kazi hiyo iko hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1976 yeye na mkewe Anne walikwenda Maasai Mara kuchunguza maisha ya simba, naye akawa anajipatia riziki kwa kurusha puto la hewa moto. Huko juu ndiko alikojifunza kuitazama nchi.

Utamu wa picha hizi ni utamu wa kitendawili. Unafungua ukurasa, unaona madoa mekundu, mistari, kitu kama kitambaa kilichotandikwa juani, na kwa kitambo hujui unatazama nini. Tega! Kisha jibu linakuja: ni shamba, ni ziwa la magadi, ni nguo za watu zinakauka. Kuna furaha ya kweli hapo, nami sitaki kumnyima mtu furaha hiyo. Katika kitabu hiki maelezo hayakuwekwa chini ya picha, bali yamekusanywa pembeni kwenye kurasa za kukunjua, kila moja na kijipicha chake. Msomaji mvumilivu hulipwa. Asiye mvumilivu (na wengi ndio hao) hupindua tu kurasa, hatoi mji wala hapewi jibu, na mwishowe kitabu kizima kinakuwa rundo la mapambo. Isitoshe, picha iliyotandazwa kurasa mbili humezwa katikati na mshono wa kitabu, mara nyingi pale pale palipo na jambo.

Chukua picha ya jaladani, ule moyo wa Voh, huko Kaledonia Mpya, uliopigwa mwaka 1990. Ni msitu wa mikoko, na ndani yake kuna uwazi wenye umbo la moyo. Watu duniani kote wameupenda, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini mpe picha hiyo mtu wa Rufiji au wa Lamu. Ataona boriti, kaa na matope, kisha ataona kipara: mahali palipoinuka kidogo, maji ya bamvua hufika kwa nadra, jua huyakausha, chumvi huzidi, na mkoko hauwezi kuota. Habari hiyo ya chumvi na maji kwangu ni tamu kuliko ule moyo, ila moyo umeshika jaladani na chumvi ikawekwa pembeni.

Picha inayonihangaisha zaidi ni ya kwetu. Ni mgunga mmoja katika uwanda wa Tsavo Mashariki, Kenya, na vijia vingi vimekatiza nchi vikikutana chini yake kama miale. Ameuita mti wa uhai. Maelezo yanasema wanyama hufuata majani na kivuli, kisha yanaingia kwenye habari za ukubwa wa hifadhi. Picha ni nzuri kupindukia. Ni nzuri kwa sababu ni tupu: hakuna mtu, hakuna nyayo za mtu, na msomaji wa Paris anafunga kitabu akiamini kwamba nchi ile iliumbwa hivyo. Haikuumbwa hivyo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1948. Waata walikuwa wakiwinda tembo katika nchi hiyo kwa upinde mrefu na mishale ya sumu, na katika kampeni ya mwaka 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa wakafungwa kama majangili. Sisemi mpiga picha alipaswa kuwapiga picha watu wasiokuwapo. Nasema kwamba utupu ule una historia, na mistari mitatu ya maandishi ingeitaja. Mwewe naye huona uwanja mzima kwa usahihi mkubwa, ila haulizi kuku ni wa nani.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Mswisi Georg Gerster, aliyefariki mwaka 2019, alipiga picha kutoka ndege ndogo juu ya nchi zaidi ya 100, naye alikuwa mwandishi kabla ya kuwa mpiga picha. Kwake shamba hubaki shamba. Mistari ya jembe, mifereji, nyumba na maboma vinaonekana ni kazi ya mikono ya watu, na maelezo yanakuambia kazi hiyo hufanywaje. Kitabu chake, kwa maoni yangu, ni kizuri zaidi kwa mwalimu, ijapokuwa hakivutii haraka vile.

Nilipoalikwa kuzungumza na wanachuo wa ualimu, niliwapa ile picha ya mgunga bila maelezo. Kijana mmoja wa jamii ya wafugaji hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Aliuliza, "Mwalimu, hivi vijia vinaingia mtini au vinatoka? Na maji yako wapi?" Tulirudi kwenye maelezo, hatukuona neno juu ya maji.

Nampa Arthus-Bertrand sifa moja ambayo wachapishaji wengi wa vitabu hivi hawastahili: ameandika latitudo na longitudo za kila mahali. Laiti angeongeza kimo cha helikopta, saa ya mchana na upande wa kaskazini, ningeweza kukipeleka kitabu darasani kama kilivyo. Wanachuo wawili walichukua namba zile wakaziingiza kwenye simu, ikatokea picha ya setilaiti, pana kuliko ukurasa. Kengele ya chakula ililia wakiwa bado wanavifuata vijia kwa kidole, wakibishana mto ni upi.