Istilahi Kando ya Kitanda: Uhakiki wa Maneno ya Uuguzi wa Skizofrenia

Miongoni mwa kazi zinazotufikia kutoka kwa wafasiri kwa ajili ya maoni, ilikuja rasimu ya kijitabu cha kuwafundisha wauguzi namna ya kuwahudumia watu wenye skizofrenia. Kijitabu hicho kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na mfasiri wake ni mtu wa bidii: sentensi zake zasomeka, upatanisho wa ngeli ni sahihi, wala hakukimbilia kutohoa kila neno lililomshinda. Hata hivyo, baada ya kuisoma rasimu mara mbili, tumeona kwamba baadhi ya istilahi zake, japo zimeundwa kwa kufuata kanuni, hazifai kwa kazi iliyokusudiwa. Hatumtaji mfasiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza ni yetu sote tunaounda maneno mezani, mbali na mahali yatakapotumika.

Yafaa kwanza tutaje kipimo chetu. Istilahi ya ufundi wa mitambo hutumiwa na fundi na fundi mwenziwe. Istilahi ya uuguzi hutamkwa mara tatu: muuguzi anapoiandika katika faili, anapompokeza mwenziwe zamu, na anapomweleza mgonjwa na jamaa zake. Neno likiwafaa wawili wa kwanza na kumpotosha wa tatu, kazi yake haijakamilika. Katika maradhi ya akili jambo hili lina uzito zaidi, maana hapo mazungumzo yenyewe ni sehemu ya huduma. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, aliijenga hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1952, akieleza kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio msingi wa uuguzi. Nao wanaohusika si wachache: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, skizofrenia humpata mtu 1 kati ya watu 300 hivi duniani.

Tuanze na jina la ugonjwa. Rasimu yatumia skizofrenia katika anwani, lakini ndani ya matini yaongeza maelezo kuwa huo ni "ugonjwa wa akili iliyogawanyika". Maelezo hayo ni tafsiri ya mizizi ya Kigiriki iliyotumiwa na daktari Eugen Bleuler wa Uswisi alipolitoa jina hilo mwaka 1908. Bleuler alikusudia kueleza kulegea kwa mafungamano ya fikra, hisia na utashi. Hakukusudia kusema kwamba ndani ya mgonjwa mnakaa watu wawili. Lakini ndivyo walimwengu wengi walivyomwelewa. Wajapani, ambao walikuwa wamelitafsiri jina hilo kwa mizizi yake, walilibadili mwaka 2002 kwa sababu lilikuwa likiwaaibisha wagonjwa na kuwatia jamaa hofu. Kwetu sisi, ambao neno skizofrenia halijabeba mzigo huo, hakuna haja ya kuutafuta. Libaki jina la mkopo, na maana yake ielezwe kwa dalili zake.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie maneno yetu wenyewe, wazimu na kichaa. Maneno hayo ni ya kale na yana kazi yake katika lugha, ila hayataji ugonjwa mmoja. Mwenye homa kali anayeweweseka, mlevi, na mtu mwenye hasira zisizo na kiasi, wote huweza kuitwa hivyo. Isitoshe, neno kichaa ndilo tunalolitumia katika kichaa cha mbwa, ugonjwa uenezwao kwa kuumwa na mnyama. Jamaa akiambiwa kuwa nduguye ana kichaa, akilini mwake huingia minyororo kabla ya dawa.

Sasa tuzitazame dalili. Waganga huzigawa dalili za skizofrenia katika mafungu, na mawili kati yake ndiyo tunayoyazungumzia. Fungu la kwanza ni la mambo yaliyoongezeka juu ya hali ya kawaida, kama vile kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. La pili ni la mambo yaliyopungua: maneno, hamu ya kufanya kazi, uchangamfu wa uso, kujitunza mwili. Mfasiri ameyaita "dalili chanya" na "dalili hasi". Katika hesabu na umeme maneno hayo hayana kasoro. Lakini katika mazungumzo ya siku hizi chanya limekuwa jambo jema na hasi jambo baya. Tulimsomea mama mmoja anayemuuguza mwanawe sentensi hii kutoka katika rasimu: "Mgonjwa ameonyesha dalili chanya." Akajibu, "Alhamdulillahi."

Jibu hilo latosha kuihukumu istilahi. Tulifikiria kwanza "dalili za ziada" na "dalili za upungufu", lakini hili la pili tukaliacha, kwa kuwa "upungufu wa akili" tayari ni usemi wa kutaja jambo lingine. Twapendekeza "dalili za ziada" na "dalili za kufifia". Kufifia ni kupungua kwa kitu kilichokuwapo, kama taa inayopunguziwa mafuta, nalo humsaidia jamaa kuelewa kwamba kijana asiyeoga wala kuzungumza hakugeuka mvivu wala mtovu wa adabu; yu mgonjwa.

Kwa mambo yanayosikiwa au kuonwa bila kuwapo, rasimu yatumia mazigazi. Mazigazi ni yale maji yanayoonekana barabarani au mchangani wakati wa jua kali, na kila msafiri mwenye macho huyaona. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi, maruweruwe, nalo lafaa kuingia katika faili. Hata hivyo, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa husikia zaidi ya kuona, muuguzi anapozungumza na mgonjwa mwenyewe aseme "kusikia sauti". Asiseme "kelele", kama ilivyo katika ukurasa mmoja wa rasimu. Kelele hazina maneno, bali sauti humwambia mgonjwa jambo, na pengine humwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, huyu hana budi kuulizwa: "Sauti hizo zinakuambia nini?" Muuguzi aliyefundishwa kuandika "asikia kelele" hataliona swali hilo, na huenda hatari ikampita.

Istilahi iliyotusumbua zaidi ni "imani potofu", iliyotumiwa kutaja dhana ambayo mgonjwa huishikilia kwa nguvu ingawa ushahidi wote waipinga. Usemi huo umekwisha kupewa kazi nyingine. Mwalimu huutumia kwa ushirikina, na mhubiri kwa madhehebu asiyoyakubali. Kwa hiyo mgonjwa asemapo kwamba amerogwa, muuguzi mwenye istilahi hiyo ataandika mara moja kuwa ana imani potofu. Lakini kanuni ya tiba yenyewe hutaka imani hiyo iwe nje ya ile inayoshirikiwa na jamii ya mgonjwa. Ikiwa mama yake, jirani yake na pengine hata muuguzi huaminI hivyo hivyo, kauli hiyo pekee haithibitishi ugonjwa. Neno potofu humfanya muuguzi kuwa hakimu wa itikadi, na humtia mgonjwa katika mabishano ambayo hayana mshindi. Sisi twapendekeza "dhana sugu". Wauguzi walizoea kusikia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hapa ni usugu wa dhana dhidi ya hoja. Neno hilo lamkumbusha muuguzi kwamba kubishana hakusaidii.

Kosa lililo dogo kwa herufi na kubwa kwa matokeo ni "mgonjwa hajitambui". Mfasiri alikusudia kusema kuwa mgonjwa haoni kwamba anaumwa, jambo linalotokea mara nyingi katika skizofrenia. Lakini katika wodi zetu mtu asiyejitambua ni mtu aliyepoteza fahamu. Muuguzi wa zamu ya usiku akiisoma kauli hiyo atakimbilia kupima mapigo ya moyo na pumzi. Nje ya wodi, asiyejitambua ni mtu asiyejua thamani yake, na hilo ni tusi. Iandikwe waziwazi: "hautambui ugonjwa wake". Ni maneno matatu, lakini si kila istilahi lazima iwe neno moja.

Kuhusu dawa, tumefurahi kuona kwamba mfasiri amelichukua neno "maudhi" kutoka katika kliniki, ambako wauguzi hulitumia kwa matokeo ya dawa yasiyotakiwa lakini yanayovumilika. Hilo ni neno lililozaliwa kando ya mgonjwa. Kasoro ni kwamba amelitandaza juu ya kila kitu. Tangu klopromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, dawa za aina hii zimewarudisha wengi makwao; lakini zina matokeo ya daraja mbalimbali. Kinywa kukauka na usingizi mwingi kwa kawaida ni maudhi. Klozapini yaweza kushusha mno chembe nyeupe za damu, na homa au maumivu ya koo kwa anayeitumia ni onyo la kumpeleka hospitali bila kukawia. Hayo ni madhara. Tofauti ya maneno haya mawili ilindwe, maana mtu huvumilia maudhi nyumbani, ila madhara hayangojwi.

Hapa pana mambo mawili ambayo rasimu ilipaswa kuyapa majina, nayo imeyafunika kwa maneno ya jumla. La kwanza ni kukakamaa kwa misuli kwa ghafla, ambako mara nyingi hutokea siku za mwanzo za dawa kama haloperidoli. Shingo hupinda na macho hupanda juu. Hali hiyo ina dawa yake na huondoka upesi. Lakini jamaa ambaye hakuambiwa ataona kuwa pepo amepanda, naye ataiacha dawa amtafute mganga wa kumpunga. La pili ni kutotulia kuletwako na dawa: mgonjwa hawezi kuketi, huenda na kurudi, miguu haimpi raha. Rasimu inasema "mgonjwa huweza kuwa na fujo". Neno fujo humfanya muuguzi aombe dozi iongezwe, na dozi ikiongezwa hali huzidi kuwa mbaya. Aandike "kutotulia kwa dawa", ili daktari ajue pa kuangalia.

Mwisho, tutazame vitenzi vya kazi yenyewe. Rasimu yatumia "kumdhibiti mgonjwa" mara nyingi kuliko "kumtuliza". Kudhibiti ni neno la magendo, moto na mipaka. Kumtuliza mtu ni kusema naye kwa sauti ya chini, kumpa nafasi, na kutomzingira. Ndilo jambo la kwanza ambalo muuguzi hufundishwa, na kushika kwa nguvu huja baada ya mengine yote kushindikana. Kadhalika, jamaa wa mgonjwa ameitwa "mtoa huduma", kana kwamba ni karani wa dirishani. Lugha yetu ina ukoo mzima wa maneno hapa: mtu huugua, jamaa zake huuguliwa, nao, pamoja na muuguzi, humuuguza. Asili moja inamfunga mgonjwa, mama yake na mtaalamu. Wagonjwa wengi wa skizofrenia huuguzwa nyumbani zaidi ya hospitalini, na kijitabu kinachomwita mama huyo "anayeuguza" kimekwisha kumwambia kwamba kazi yake na ya muuguzi ni moja.

Hali kadhalika, "kupona" kusitumiwe pale panapostahili "ahueni". Wapo wanaopona kabisa, na wapo wengi wanaopata ahueni ndefu, wakafanya kazi na kulea watoto, huku wakiendelea na dawa. Aliyeambiwa kuwa amepona huitupa dawa. Aliyeambiwa kuwa amepata ahueni hujua kwamba ahueni hulindwa.

Kwa jumla, rasimu ni kazi ya kuheshimiwa, na twashauri ichapishwe baada ya kusahihishwa. Kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watakaokabidhiwa kazi za namna hii, pendekezo letu ni moja: kabla orodha ya istilahi haijatiwa sahihi, isomwe kwa sauti mbele ya muuguzi anayetoka zamu na mbele ya mtu anayeuguza nyumbani kwake. Pale watakapokunja uso, au watakapofurahi mahali pasipostahili furaha, kalamu irudi kazini.