Thunderbird 136 haikustahili kitufe cha kwanza

Machi 2025, aliyeingia kwenye tovuti ya Thunderbird, programu ya barua pepe, akabonyeza kitufe kikubwa cha kupakua hakupewa tena ESR, toleo la msaada wa muda mrefu. Alipewa 136, toleo la chaneli ya kila mwezi. ESR 128 ilikuwapo bado, ila ndani ya orodha ya kuchagulia ambayo mwenye haraka haifungui. Hapakutokea msiba wowote, na wengi hata hawakugundua. Hata hivyo, programu hii imelelewa na walezi wengi kuliko inavyofaa, na ni nadra kuona mlezi akihamisha mzigo wa majaribio kutoka benchi la wahandisi hadi meza ya mtu aliyetaka kusoma barua zake tu.

Hoja ya usalama iwekwe kando mapema. ESR hupokea viraka vya usalama mwezi kwa mwezi, sawa na chaneli nyingine. Tofauti yao ni sura na vipengele: ESR husubiri mwaka, chaneli ya mwezi haisubiri. Watengenezaji walisema wanataka kazi yao ifike upesi, na kwamba mruko wa mwaka mzima huwashtua watu. Hili la pili lina ukweli. Aliyetoka 102 kwenda 115 Julai 2023, ile waliyoiita Supernova, alifungua asubuhi akakuta upau wa zana umepanda juu kabisa na orodha ya barua imebadilika umbo. Sasa dawa ya mshtuko mmoja kwa mwaka ikawa kishtuko kila mwezi.

Kosa lenyewe limejificha kwenye profaili, yaani folda inayobeba akaunti na barua za mtumiaji. Tangu 68, ya Agosti 2019, Thunderbird ina kinga ya kurudi nyuma: profaili ikishafunguliwa na toleo jipya, toleo la zamani hukataa kuigusa na kukuomba uunde nyingine, tupu. Kinga hiyo ni ya busara, kwani hifadhidata hubadilika na kuirudisha nyuma ni kuiharibu. Lakini iunganishe na kitufe kipya. Mtu ana 128, kompyuta inamsumbua, anaambiwa na kijana wa ofisi apakue upya na kusakinisha juu ya ile ya zamani, jinsi ilivyofanywa miaka yote. Akifungua mara moja tu, amehama chaneli bila kuulizwa. Akitaka kurudi 128 ni profaili mpya, akaunti zianzishwe upya na folda za ndani zihamishwe kwa mkono, la sivyo asubiri ESR ya Julai imfikie alipo. Ni feri ya Likoni iliyovusha abiria asubuhi ikatangaza kwamba safari ya kurudi ni mwezi wa saba.

Katika ofisi za mawakili wa Kizingo, hatua chache kutoka mahakama ya Mombasa, hilo si jambo la kinadharia. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za Kenya zilirekebishwa 2020, na kanuni ya 22B ya Agizo la 5 ikaruhusu hati za wito zipelekwe kwa barua pepe. Wito huhesabiwa umefika mtumaji anapopata risiti ya kufikishwa, na risiti hiyo huambatishwa kwenye hati ya kiapo inayowekwa mahakamani. Kwa karani wa wakili, basi, folda ya barua zilizotumwa ni kabati la ushahidi. (Na hapa, kwa mara nyingine, safu hii inalalamika: Thunderbird ina risiti ya aina mbili katika menyu moja, ile ya seva kuthibitisha imefikisha na ile ya msomaji kukiri amefungua. Zimekaa jirani miaka nenda rudi bila maelezo ya maana, na kanuni inataja kufikishwa, si kusomwa.) Kabati la namna hiyo halipangwi upya kila mwezi kwa sababu mtu ng'ambo amekamilisha kipengele.

Kuna pia sababu ya kijiografia. Pwani imejifunza kuweka barua ndani ya kompyuta. Februari 2012 meli ilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa na nanga hiyo ikaukata mkongo wa intaneti wa TEAMS. Mei 2024 ikawa zamu ya mikongo ya EASSy na SEACOM kukatika. Siku kama hizo anayepakua barua kwa POP hadi folda za ndani huendelea kusoma faili zake. Ndiyo maana programu hii bado ina wapenzi hapa, na ndio hao hao wanaonunua bando na hawafurahii kupakua toleo zima kila mwezi.

Wenye umri watasema mambo hayakuwa hivi, na watakuwa sahihi. Enzi za wahandisi Scott MacGregor na David Bienvenu, 1.0 ilitoka Desemba 2004, 1.5 Januari 2006, 2.0 Aprili 2007. Kila namba ilikuwa na sababu ya kuwapo: 1.5 ilileta ukaguzi wa tahajia unapoandika na onyo la barua za ulaghai, 2.0 ikaleta vitambulisho vya rangi. Watu wawili! Oktoba 2007, muda mfupi baada ya Mozilla kutangaza kampuni mpya ya kuilea Thunderbird, wote wawili wakaondoka. Kampuni hiyo, Mozilla Messaging, ilitoa 3.0 Desemba 2009, na Aprili 2011 ikarudishwa ndani ya Mozilla. Miezi miwili baadaye tukaruka kutoka 3.1 hadi 5.0 ili namba zilingane na Firefox, na tangu siku hiyo namba ya toleo haimwambii msomaji chochote. Julai 2012 mwenyekiti wa Mozilla, Mitchell Baker, akatangaza kwamba Mozilla haitaendelea kuwekeza katika vipengele vipya. ESR ndiyo iliyobaki mkononi, na ndiyo iliyoiweka hai programu wakati mlezi ameigeuzia mgongo. Mwishoni mwa 2015 huyo huyo Baker akasema ni heri Thunderbird na Firefox zitengane.

MZLA, kampuni tanzu ya Mozilla iliyoundwa Januari 2020, imefanya kazi njema: michango ya watumiaji imepanda, K-9 Mail imekuwa Thunderbird ya Android, na 145 ya Novemba 2025 imeleta uwezo wa kutumia Exchange ya Microsoft bila nyongeza.

Hiyo 145 ndiyo watetezi wa chaneli ya mwezi huitaja kwanza: ofisi yenye Exchange ingesubiri hadi Julai iliyofuata. Sawa, na ofisi hiyo ingeweza kuifungua ile orodha ya kuchagulia na kuifuata chaneli ya mwezi kwa hiari yake, ikijua inachotafuta. Asiyejua tofauti ya chaneli ndiye aliyestahili kitufe salama. Watengenezaji wa nyongeza zinazoingia ndani ya msimbo wa programu nao wamebebeshwa zigo, maana nyongeza za aina hiyo huvunjika msimbo unapobadilika, na sasa unabadilika kila wiki nne.

Tazama Debian, mradi wa Linux: waligombana na Mozilla 2006 kuhusu jina na nembo, wakaiita programu Icedove hadi 2017, walipolirudisha jina la Thunderbird. Wanaoitunza kule ni watu wa kujitolea. Lakini mpaka leo, anayesakinisha Thunderbird kwenye Debian thabiti hupata ESR bila kuitafuta kwenye orodha yoyote.