Ramani, Jua na Mkono wa Kushoto

Tanzania ina nafasi ya kuzitosha Uskoti kumi na mbili. Nchi hiyo iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Britania ina kilomita za mraba kama 78,000 tu, na udogo huo ndio unaowaponza wageni. Mtu aliyezoea basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza huitazama Uskoti na kuona nchi ya kumalizwa kwa siku nne: Edinburgh leo, kisiwa cha Skye kesho, ncha ya kaskazini keshokutwa, kisha Glasgow na uwanja wa ndege. Matokeo yake huwa ni nchi iliyoonekana kupitia kioo cha mbele cha gari.

Wanaoijua kazi ya kupanga safari huanza kwa kufuta. Glasgow hadi Fort William ni kilomita 170 hivi, lakini safari huchukua saa mbili na nusu hata siku njema. Barabara hufuata ufuko wa ziwa, hukunja pale mlima unapokunja, na gari moja linalokokota nyumba ya likizo linatosha kupunguza mwendo wa msururu mzima nyuma yake. Mpangaji mzuri haulizi maili zilizoandikwa kwenye kibao. Huuliza saa, na baada ya saa huuliza zitabaki ngapi za kushuka garini na kutembea. Jibu likiwa dogo, Skye inafutwa, na kwa safari ya siku sita haina budi kufutwa.

Kupanga safari fupi ya gari ni ufundi unaostahili heshima ileile wanayopewa mafundi cherehani: kitambaa ni kile kile kwa wote, tofauti iko kwenye mkasi.

Kazi yenyewe huanza na ramani ya karatasi. Simu hutoa njia ya haraka na dakika za kufika, lakini haimwambii mtu kuna nini nyuma ya mlima wa kulia. Na ramani za Uingereza, ambazo ni miongoni mwa zilizo bora duniani, chimbuko lake liko huko huko Uskoti. Aprili 1746 jeshi la serikali liliwashinda wafuasi wa ukoo wa Stuart kwenye uwanja wa Culloden, kisha likajikuta halina ramani ya kuaminika ya mabonde ambamo wapinzani wake walikimbilia. Mwaka uliofuata kijana mmoja kutoka Lanarkshire, William Roy, akaanza kazi ya upimaji. Hadi kufikia 1755, karibu bara lote la Uskoti lilikuwa limechorwa. Roy aliendelea kudai nchi nzima ipimwe vivyo hivyo, akafariki mwaka 1790, na mwaka 1791 idara ya Ordnance Survey ikaanzishwa. Chombo kilichoanza ili jeshi liweze kuwafuata watu mabondeni leo hutandazwa mezani na familia inayotafuta mahali pazuri pa kula chakula cha mchana. Haifai kulisahau hilo wakati wa kuitumia.

Tuchukue karatasi namba 41 ya mfululizo wa 1:50,000, inayobeba Fort William na bonde la Glencoe. Ni mraba wa kilomita 40 kwa 40, sentimita mbili zikiwakilisha kilomita moja, na kila mstari wa mwinuko unapanda mita 10. Kidole kikifuata barabara ya A82 kuelekea magharibi, mistari upande wa kaskazini inaanza kubanana hadi karibu kugusana; huo ni ukingo wa Aonach Eagach. Upande wa kusini inabanana tena kuelekea kilele cha Bidean nam Bian, mita 1,150. Katikati umebaki uwazi mwembamba wa kupita mto na barabara. Hapo jicho lililozoea linaona jambo ambalo simu haisemi: bonde limelala mashariki kwa magharibi. Atakayeshuka humo asubuhi akitokea mashariki atakuwa na jua mgongoni, na kuta zote mbili zitakuwa zimeangaziwa mbele yake. Atakayeshuka jioni litampiga machoni. Mchana mzima wa ratiba unaweza kupinduliwa kwa sababu ya hilo peke yake, na inafaa upinduliwe.

Jua la kule linahitaji kufikiriwa upya na mtu wa Afrika Mashariki, ambaye maisha yake yote limechomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Mwishoni mwa Juni, Edinburgh hupambazukiwa kama saa kumi na nusu alfajiri na jua huzama kama saa nne usiku. Mwishoni mwa Desemba linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri, baada ya kuchomoza karibu saa tatu kasoro. Ratiba ileile, barabara ileile, na msafiri wa Desemba ana chini ya nusu ya mwanga wa yule wa Juni. Majira ya joto nayo yana bei yake: visubi, wadudu wadogo kuliko mbu na wakali kupita umbo lao, hujaa pwani ya magharibi, hasa asubuhi na jioni upepo unapotulia. Kwa hiyo wengi huupenda mwezi wa Mei, kwa kuwa siku ni ndefu, mvua ya magharibi kwa kawaida imepungua, na visubi hawajafika kilele chao.

Agosti ina shida nyingine. Tangu mwaka 1947 Edinburgh hufanya tamasha lake kubwa la sanaa mwezi huo, na chumba cha kulala hugeuka kuwa kitu cha kugombaniwa. Atakaye tamasha aende kwa tamasha. Atakaye milima achague mwezi mwingine.

Mjini, gari ni mzigo. Edinburgh ni ya kutembea kwa miguu: Mji Mkongwe umekaa kwenye mgongo wa mwamba kutoka ngomeni hadi kasri ya Holyrood, ukichanika kwa vichochoro vya ngazi, na ng'ambo ya bonde kuna Mji Mpya, ulionyooshwa kwa rula kufuatia mchoro wa James Craig uliopitishwa mwaka 1767. Kuivuka miji hiyo miwili kwa siku moja ni kuona aina mbili za akili, moja iliyorundika nyumba pale mwamba uliporuhusu na nyingine iliyokaa kwanza na kuchora. Tangu Juni 2024 magari machakavu yanayochafua hewa hutozwa faini yakiingia katikati ya jiji, na maegesho ni ghali kwa gari lolote. Kwa hiyo gari la kukodi lisichukuliwe siku ya kufika. Lichukuliwe asubuhi ya kuondoka, uwanja wa ndege, ambao uko magharibi mwa jiji, pua ya gari ikiwa tayari imeelekea Stirling.

Stirling iwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kinachofuata. Ngome yake iko juu ya jabali, na aliyesimama ukutani huona tambarare ya mto Forth ikikoma na milima ikianza. Ndiyo maana majeshi yalipigana hapo mwaka 1297 kwenye daraja, na tena mwaka 1314 kule Bannockburn, mwendo mfupi kusini. Ukishaiona Stirling, Nyanda za Juu za Uskoti hazikujii kama mandhari ya kadi za posta. Unajua uko upande gani wa mlango.

Kutoka hapo njia inapanda kwa Callander, Glen Ogle na Crianlarich hadi Tyndrum, ambako ni busara kujaza mafuta na tumbo, kisha inakata mbuga tupu yenye maji ya Rannoch Moor. Kabla ya Glencoe kuna kona ya kushoto ambayo mpangaji hodari huiwekea nyota: barabara ya Glen Etive. Inashuka na mto kwa kilomita kama 20 na kuishia ukingoni mwa maji ya Loch Etive, bila njia nyingine ya kutokea. Upana wake ni wa gari moja.

Barabara kama hizo zina adabu zake. Kila baada ya umbali fulani lami inapanuka kidogo, na kibao cheupe huonyesha kwamba hapo ni mahali pa kupishana. Dereva huangalia mbele kuliko kawaida, si mita hamsini bali bonde zima, akitafuta gari linalokuja. Akiliona, anahesabu nani yuko karibu na upana. Upana ukiwa kushoto kwake, anaingia na kungoja. Ukiwa kulia, haingii kamwe: anasimama barabarani mkabala nao ili mwenzake aingie. Magari yanapopishana, kidole kimoja kinanyanyuka kutoka kwenye usukani, na hiyo ni shukrani kamili. Gari la nyuma likiwa la mwenyeji mwenye haraka, apishwe. Na upana ule si wa kuegesha ili kupiga picha, maana muuguzi, mleta barua na gari la zimamoto hutumia njia hiyohiyo. Mpangaji anayejua haya yote huiandikia Glen Etive saa mbili na nusu, kwenda, kukaa na kurudi, hata kama kwenye ramani inaonekana kama uzi.

Fort William ni ya kulala usiku mara mbili mfululizo. Sanduku likae mahali pamoja, na gari lipumzike pia: reli ya kutoka hapo hadi bandari ya Mallaig, iliyofunguliwa mwaka 1901, inapita juu ya daraja la Glenfinnan lenye matao 21, na hakuna dereva anayeona ziwa lililo chini yake vizuri kama abiria. Dereva apewe siku hiyo. Hata wiski anaweza kuionja bila hofu, jambo ambalo siku nyingine halifai kabisa: tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, wakati England kimebaki 80. Viwanda vingi vya wiski humfungia dereva kionjo chake kwenye kichupa, akanywe jioni.

Ratiba nzuri huacha siku moja wazi, na busara hiyo ina historia yake. Agosti 1773 Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza, aliondoka Edinburgh na rafiki yake James Boswell kuelekea visiwa vya magharibi. Johnson alikuwa karibu kutimiza miaka 64. Walichelewa kuondoka, na Oktoba ikawakuta baharini. Dhoruba ikawasukuma hadi kisiwa cha Coll, wakakwama huko siku kadhaa wakingoja upepo ugeuke. Wote wawili waliandika vitabu kuhusu safari hiyo, na siku za Coll zimo, pamoja na nyumba walizokaribishwa na watu waliozungumza nao. Vivuko vya leo navyo huahirishwa upepo ukikaza.

Barabara nazo hufungwa. Njia ya kurudi iliyo nzuri kupita zote hushuka pwani hadi Oban kwa samaki wabichi, ikageukia Inveraray, kisha ikapanda mlima wa Rest and Be Thankful kwa barabara ya A83. Mteremko ulio juu ya barabara hiyo huporomoka mvua ikizidi. Mara nyingi ikifungwa, magari hupelekwa chini bondeni kwenye barabara ya zamani ya kijeshi, iliyojengwa na askari katika karne ya 18 na ambayo bado inabeba watu. Kuangalia taarifa za barabara kabla ya kifungua kinywa ni sehemu ya kazi.

Baada ya mlima huo huja zawadi ya mwelekeo. Uskoti, kama Tanzania, Kenya na Uganda, magari hupita kushoto. Barabara ya A82 iko ufuko wa magharibi wa Loch Lomond, kwa hiyo anayeelekea kusini ana maji mkono wake wa kushoto, bila msururu wa magari kati yake na ziwa, na anaingia kwenye maegesho ya ufukoni bila kukata barabara. Aliyeuchora mzunguko kinyumenyume huliona ziwa hilohilo kwa kuchungulia juu ya mapaa ya magari ya wengine.

Kabla ya kurudisha gari Glasgow, ibaki nusu siku ya Blantyre, kusini-mashariki mwa jiji, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Msomaji wa Bagamoyo anajua mwisho wa hadithi, jinsi watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walivyoubeba mwili wake hadi pwani mwaka 1874. Asichokisikia sana ni kilichofuata kwa Chuma. Mwaka 1879 Keith Johnston, wa ukoo wa wachora ramani wa Edinburgh, alimwajiri kuwa msimamizi wa wapagazi katika msafara wake wa kutoka Dar es Salaam kwenda maziwa makuu. Kwanza walifanya safari ya majaribio Usambara. Johnston alifariki Behobeho mwezi wa Juni, na uongozi ukamwangukia Mskoti mwenzake, Joseph Thomson, mwenye miaka 21. Msafara ulifika na kurudi, na kazi kubwa ya kuwapanga wapagazi, posho, maji na mazungumzo ya njiani ilikuwa ya Chuma. Katika ufundi huu wa kupanga safari, jina lake lina haki ya kutajwa mbele ya wenye ramani.

Makumbusho ya Blantyre huchukua kama saa moja na nusu. Kisha gari lijazwe mafuta na lirudishwe kabla ofisi haijafungwa. Aliyepata ndege ya kutokea Edinburgh hana haja ya kuendesha tena: treni kati ya miji hiyo miwili ni nyingi mchana kutwa na huchukua dakika kama hamsini, muda wa kutosha kuikunja karatasi namba 41 kwa mikunjo yake ya asili.