Upana wa Barabara ya Harry Thuku

Anayetaka kuujua mji wa Nairobi kwa upande wa sanaa hana haja ya kutembea sana. Na asimame katika Barabara ya Harry Thuku, mbele ya Ukumbi wa Maigizo wa Kitaifa. Majirani wa ukumbi huo ni idhaa ya taifa na kituo cha polisi. Ng'ambo ya barabara ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904, enzi za walowezi, na kando yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Fedha, dola, elimu na sanaa zimekaa kama wapangaji wa ua mmoja. Hata hivyo, naamini kwamba hatua chache za kuivuka barabara hiyo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote.

Ukumbi huo ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Neno "taifa" lilikuwa juu ya mlango kabla taifa lenyewe halijazaliwa, na waliokusudiwa kuketi ndani hawakuwa watu wa Pumwani. Uhuru ulikuja 1963, lakini mazoea hayakuondoka na bendera. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walikuwa na mchezo wao juu ya kesi ya Dedan Kimathi, na Francis Imbuga alikuwa na Betrayal in the City. Iliwabidi Wakenya hao wang'ang'anie siku chache tu baina ya maonyesho ya kigeni, tena katika ukumbi wa taifa lao. Siku hizo zilipopatikana, watazamaji walifurika.

Mwaka 1982 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kikundi cha Kamĩrĩĩthũ, wakulima na wafanyakazi kutoka Limuru, kilileta Maitũ Njugĩra. Kibali hakikutolewa, na milango ikabaki imefungwa. Basi wakavuka barabara, wakaingia chuoni, katika ukumbi uitwao Education Theatre II. Mazoezi yao yakageuka kuwa maonyesho, na maelfu ya watu wakaja kuyatazama mpaka nayo yakakatazwa. Mwezi Machi mwaka huo, jukwaa lao la kijijini likabomolewa. Tangu hapo mimi siwezi kukubali kwamba ukumbi ni pazia na taa. Kwa siku zile chache, ukumbi wa taifa ulikuwa chumba kilichojengwa kwa ajili ya mihadhara.

Katika miaka ya kubanwa iliyofuata, wasanii wengi walipata hifadhi katika Taasisi ya Goethe na kituo cha utamaduni cha Kifaransa. Sina dharau kwa vituo hivyo. Aliyekupa paa wakati wa mvua humwulizi kabila. Lakini ni aibu yetu, wala si yao, kwamba mwenyeji alitafuta pa kusemea kwa mgeni.

Leo je? Ukumbi wa Kitaifa ulikarabatiwa, ukafunguliwa upya 2015, na kwa macho unapendeza. Kiswahili nacho kimeingia, ila kimeingia kwa mlango wa mtihani. Wanafunzi wa sekondari huletwa kwa mabasi asubuhi kutazama tamthilia teule. Nilitazama hivyo Kigogo ya Pauline Kea. Waigizaji walikimbia, wakabana maonyesho, wakatamka maudhui kama mwalimu ubaoni, maana kila mtoto alikuwa na daftari. Hata hivyo, Majoka alipolifunga soko la Chapakazi, kalamu zilisimama. Kutoka viti vya nyuma msichana mmoja akapaza sauti: "Mama yangu ataenda wapi sasa?" Hakuna aliyecheka.

Swali hilo ndilo kipimo changu cha uhakiki. Mchezo ulikuwa umempata mtazamaji wake halisi, au tuseme mtoto wa mtazamaji wake. Mama mwenyewe hakuwapo, na hakuna aliyemwalika. Saa nne za asubuhi yeye yuko sokoni, na jioni, hata kama pangekuwa na onyesho, angehesabu tikiti, kisha nauli ya matatu ya usiku, kisha akalala.

Kwa hiyo sidai jengo jingine. Nadai mchezo uleule, bila daftari, uigizwe Jumapili alasiri kwa bei ya sahani ya githeri, na wanachuo wa ng'ambo ya barabara wakabidhiwe jukwaa hilo mara kwa mara, waupeleke mchezo hadi Gikomba kama walivyofanya watangulizi wao wa miaka ya 1970 waliozunguka nchi wakiigiza bila kutoza kiingilio. Ukumbi utastahili jina lake siku mama yule atakapoketi humo na kumjibu Majoka mwenyewe.